Programu za usanifu sasa ni bure, kipimo ni faili inayofika kiwandani

Tarehe 30 Oktoba 2025 kampuni ya Canva ya Australia ilitangaza kuwa Affinity, programu ya usanifu wa grafiki ambayo hadi wakati huo ilikuwa ikiuzwa, itatolewa bila malipo kwa yeyote mwenye akaunti ya Canva, hata ile isiyolipiwa. Affinity si programu ya kuchezea. Ilibuniwa na kampuni ya Serif ya Uingereza, ikaingia sokoni mwaka 2014 kama mshindani wa Adobe, na Canva ikainunua kampuni hiyo Machi 2024. Toleo la sasa limeunganisha kazi zilizokuwa zikifanywa na programu tatu tofauti: kuchora kwa vekta, kurekebisha picha na kupanga kurasa.

Kwa kijana wa Kitanzania anayetamani kuishi kwa kazi hii, tangazo hilo lina uzito wake. Tangu mwaka 2013 Adobe iliachana na utaratibu wa kuuza matoleo mapya ya programu zake moja kwa moja na kuhamia kwenye ada ya kila mwezi au mwaka, ambayo hulipwa kwa kadi ya benki. Ada hiyo ni nzito kwa mtu anayelipwa kwa bango moja moja, na wengi walikimbilia nakala za wizi. Ni kweli kwamba programu huria zilikuwepo muda wote: GIMP ya kurekebisha picha tangu miaka ya 1990, Inkscape ya michoro ya vekta tangu 2003, Scribus ya kupanga kurasa, na Krita ya kuchora kwa mkono. Hata hivyo, zilionekana kama chakula cha asiye na uwezo. Sasa programu yenye hadhi ya kibiashara imejiunga na kundi la zisizolipiwa, na kisingizio cha bei kimepungua nguvu. Linalobaki ni swali gumu zaidi, la ujuzi.

Swali hilo linaihusu Serikali kama linavyowahusu vijana wenyewe, kwa sababu milango ya umma imefunguliwa kwa kiwango kisichokuwepo zamani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma mwanzoni mwa 2025, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, ili mwanafunzi amalize shule akiwa na stadi ya kazi mkononi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake zinazitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya mwaka kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana, na zabuni hupitia mfumo wa NeST. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata.

Vitabu vya mwongozo, vipeperushi vya chanjo, mabango ya barabarani, kalenda, taarifa za mwaka na fulana za maadhimisho ni kazi ambazo taasisi za umma huzihitaji mwaka mzima. Kikundi cha vijana watano wenye kompyuta mbili kinaweza kuzifanya. Lakini mkopo unaoishia kununua kompyuta na printa, kisha kazi ya kwanza ikarudishwa na mpigachapa, ni deni lisilo na mtaji nyuma yake.

Na kazi hurudishwa. Katika maduka ya uchapaji ya Kariakoo na miji mingine nchini, ufundi huu kwa kiasi kikubwa umerithishwa mezani: kijana hukaa pembeni mwa mwenzake anayetumia CorelDRAW au Photoshop, akatazama, akaiga, baada ya miezi kadhaa akapewa kadi ya harusi aitengeneze. Njia hiyo imetoa mafundi hodari, wala haistahili kubezwa. Udhaifu wake ni kwamba hufundisha kitufe kabla ya sababu. Kozi fupi za mtaani zimeurithi udhaifu huo: mwanafunzi hulipia mafunzo ya programu fulani, hupewa cheti chenye jina la programu hiyo, kisha programu ikibadilishwa hujikuta hana la kufanya. Amelipia usanifu, akafundishwa menyu.

Mahali ambapo tofauti hiyo huonekana bila huruma ni pale faili inapofika kiwandani.

Chukua mfano wa kawaida wa bango la ukubwa wa A3 kwa ajili ya mkutano wa hadhara. Msanifu ametumiwa picha kwa simu, na njiani imebanwa hadi upana wa pikseli 1,600. Kwenye kioo cha kompyuta inang'aa. Kazi bora ya uchapaji wa karatasi, hata hivyo, hutaka nukta 300 kwa kila inchi, na kwa kipimo hicho picha hiyo inatosha upana wa sentimita 13.5 tu. Ikivutwa ijaze upande mrefu wa A3, ambao ni sentimita 42, zinabaki nukta 97 hivi kwa inchi, chini ya theluthi moja ya zinazotakiwa. Uso wa mgeni rasmi utatoka kama umetazamwa kupitia chandarua. Hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, itakayorudisha nukta ambazo hazikuwepo. Dawa ni kumpigia simu aliyetuma picha na kuomba faili halisi, na hilo lazima lifanyike siku ya kwanza, si usiku wa kuamkia kuchapa. Bango kubwa la barabarani lina kanuni nyingine, kwa kuwa hutazamwa kwa mbali na nukta chache hutosha. Anayejua sababu hataangaika kutengeneza faili nzito ya mita sita ambayo kompyuta yake haiwezi kuifungua.

Rangi nazo huumbua. Kioo huonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, ilhali mtambo wa kuchapa hutumia wino wa samawati, wa zambarau-nyekundu, wa njano na mweusi, mfumo ambao mafundi huuita CMYK. Zipo rangi ambazo mwanga huweza kuzitoa na wino hauwezi. Kijani kinachowaka kwenye kioo hutoka karatasini kikiwa kimefifia, na mteja akadhani amepunjwa wino. Msanifu aliyeandaa kazi katika mfumo wa wino tangu mwanzo, kisha akachapa prufu moja na kuisainisha kwa mteja, hana ugomvi siku ya kukabidhi. Maandishi madogo meusi nayo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa kwa wino nne, karatasi ikisogea kidogo tu mtamboni kila herufi huota kivuli.

Kuna pia milimita tatu ambazo zimewagharimu wengi. Kisu cha kukatia karatasi hakikati mahali pamoja kila mara, hivyo rangi ya ukingoni hupaswa kuzidi mpaka wa karatasi kwa milimita 3 kila upande. Kipeperushi cha A4, chenye milimita 210 kwa 297, huandaliwa kwa 216 kwa 303. Asiyefanya hivyo hupata nakala 5,000 zenye mstari mweupe pembeni, na hakuna njia ya kuufuta. Mwisho, faili ipelekwe katika PDF ikiwa na aina zake za herufi ndani, la sivyo kompyuta ya mpigachapa itaweka herufi nyingine na mpangilio wote utavunjika.

Mambo hayo machache hayahitaji programu ya gharama. Affinity na Scribus zote huandaa kazi katika mfumo wa wino na kuweka nyongeza ya kukatia. Yanahitaji mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya mtambo, au mwanafunzi mwenye ujasiri wa kwenda kiwandani na kuomba kutazama kwa siku moja.

Jambo la pili ambalo mafunzo mengi hulipita ni lugha yenyewe. Violezo vilivyojaa mtandaoni vimepangwa kwa Kiingereza, lugha ya maneno mafupi. Kiswahili huunganisha nafsi, wakati na kitendo katika neno moja: "wanakaribishwa" ni neno moja la herufi 14. Kiolezo kilichoacha nafasi ya maneno mawili mafupi hulemewa, na kijana asiyejua la kufanya hupunguza ukubwa wa herufi hadi tangazo lisisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Programu nyingi pia hufunguka zikiwa na kanuni za Kiingereza za kukata maneno mwishoni mwa mstari. Zikiachwa hivyo, neno kama "mwanachama" linaweza kukatwa pasipo silabi, ilhali Kiswahili hukatika wazi: mwa-na-cha-ma. Kuzima ukataji huo, au kukata kwa mkono, ni kazi ya dakika moja. Magazeti yetu yamekuwa na wasanifu kurasa wanaolijua hili kwa miongo mingi, na ni ajabu kwamba ujuzi wao haujaandikwa katika vitini vya kozi za mtaani.

Wala pwani haijakosa shule ya usanifu. Kanga yenye upana wa sentimita 150 hivi kwa 110 imejengwa kwa sehemu tatu zisizobadilika, yaani pindo linaloizunguka, mji ulio katikati na jina, ule ujumbe wa mstari mmoja. Rangi zake ni chache, maandishi yake husomeka mvaaji akiwa anatembea, na chapa ya mtengenezaji hukaa mahali pake, kama ile ya "Mali ya Abdulla" ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Mchapaji wa fulana kwa skrini anakutana na sharti lilelile: kila rangi hudai skrini yake, hivyo nembo ya rangi mbili hugharimu pungufu ya nembo ya rangi sita. Anayeanza kujifunza angeweza kutumia wiki nzima kuchora upya kanga tano kwa Inkscape. Atatoka akijua gridi, uwiano, rangi chache na herufi inayosomeka, mambo manne ambayo mteja hulipia bila kuyajua majina.

Kuhusu programu ipi ianze, jibu linategemea kompyuta iliyopo. Photoshop ya sasa hudai angalau gigabaiti 8 za kumbukumbu, na kompyuta nyingi za mitumba hazina. Inkscape na GIMP huenda hata kwenye mashine dhaifu, na hufanya kazi bila intaneti baada ya kupakuliwa. Canva ni nyepesi na hufaa matangazo ya mitandao ya kijamii, lakini kwa kawaida hutaka mtandao kila inapotumika, na bando ni gharama ya uzalishaji ambayo mipango mingi ya biashara huisahau. Anayetarajia kuajiriwa kwenye ofisi kubwa atalazimika siku moja kuzijua programu za Adobe. Akiwa na misingi, kuhama huchukua wiki kadhaa.

Nakala za wizi ni suala la kisheria kabla ya kuwa suala la ufundi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Kikundi kinachoomba kazi ya umma kwa kutumia programu iliyovunjwa kufuli kinajenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu, mbali na virusi ambavyo huja na nakala hizo. Kwa kuwa mbadala halali haugharimu kitu, utetezi wa umaskini hausimami tena. Aina za herufi na picha zina leseni zake pia. Zipo herufi nyingi zinazotolewa kwa leseni huria, na ni busara kuhifadhi nakala ya leseni katika folda moja na kazi.

Akili unde imezidisha kelele. Inaweza kuondoa mandharinyuma ya picha kwa sekunde na kutoa mawazo kumi ya bango kabla chai haijapoa. Ikiachiwa kuandika Kiswahili ndani ya picha, bado inaweza kuzalisha herufi zisizo maneno, na ikiombwa soko la Kiafrika inaweza kuleta soko lisilofanana na lolote la hapa. Kuna pia utata wa umiliki: Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imeshikilia kuwa kazi isiyo na mchango wa ubunifu wa binadamu haisajiliwi. Mteja anayelipia nembo aambiwe mapema kama imetoka kwa mashine, maana vinginevyo atakuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Suala la nani alichora nini si dogo katika nchi hii. Mwaka 2017 vyombo vya habari viliripoti habari za mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, mkazi wa Buguruni jijini Dar es Salaam, aliyesema kuwa alichora Ngao ya Taifa. Alifariki Mei mwaka huo akiwa katika matibabu Muhimbili. Wengine pia wametajwa kuhusika na mchoro huo, na mjadala umeendelea. Mchoro ambao kila raia anaujua, wenye mwanamume na mwanamke, pembe za ndovu na maneno "Uhuru na Umoja", umebaki na historia inayobishaniwa.

Msanifu wa leo hana sababu ya kuingia katika ubishi wa namna hiyo. Kwa mujibu wa sheria, kazi hulindwa tangu inapoundwa, na ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuisajili COSOTA, au COSOZA kwa upande wa Zanzibar, humpa ushahidi. Nembo ya biashara husajiliwa BRELA kama alama ya biashara kwa Tanzania Bara, na BPRA kwa Zanzibar. Huu ni usajili wa mteja, lakini msanifu anayemkumbusha mteja wake huonekana mtu wa maana. Muhimu kuliko yote ni karatasi moja ya makubaliano inayotaja bei, idadi ya masahihisho, tarehe, nani atamiliki kazi, na kama faili inayoharirika itakabidhiwa au ni PDF pekee. Ugomvi mwingi kati ya wasanifu na ofisi huanzia kwenye kipengele hicho cha mwisho.

Ofisi nazo, zikiwemo za umma, zina sehemu yao ya lawama. Si nadra msanifu kutumiwa nembo ya taasisi iliyonakiliwa kutoka kwenye barua ya Word, ikiwa na ukungu na mandharinyuma meupe, kisha akatakiwa kuitumia kwenye bango la mita tatu. Hapo hukimbilia mtandaoni, akachukua toleo lolote analolikuta, na Ngao ya Taifa ikatokea kwenye vipeperushi viwili vya wizara moja ikiwa na rangi mbili tofauti. Matumizi ya nembo za Taifa yanadhibitiwa kwa sheria, hivyo ni wajibu wa taasisi kumpa msanifu faili sahihi ya vekta pamoja na maelekezo ya rangi. Kitengo cha Mawasiliano Serikalini katika kila taasisi kikiwa na folda moja ya namna hiyo, nusu ya kasoro zinazolalamikiwa zingeishia hapo. Aidha, maofisa maendeleo ya jamii wanaopitia maombi ya mikopo ya vikundi vya usanifu wangefanya vema kuomba kazi mbili zilizokwisha kuchapwa pamoja na faili zake, kabla ya kusoma orodha ya vifaa vinavyotakiwa kununuliwa.

Kwa waliojifunzia mezani bila cheti, ipo njia ya urasimishaji ujuzi kupitia VETA, ambapo fundi hupimwa kwa anachokijua na kupewa cheti kinachotambulika pasipo kurudi darasani miaka mitatu.

Upande wa soko, mwaka 2023 Shirikisho la Soka Afrika liliipa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, uenyeji wa AFCON ya 2027. Nembo rasmi ya mashindano ni mali ya Shirikisho na haiguswi bila idhini, lakini hoteli, wasafirishaji, migahawa na halmashauri zitahitaji vielekezi, menyu, ramani na mabango kwa lugha zaidi ya moja. Kazi za taasisi za umma hupitia NeST, na mfumo huo humtaka mzabuni awe amejisajili kwa nyaraka zake zote kabla ya kuomba. Kikundi kinachosubiri tangazo la zabuni ndipo kianze kutafuta usajili na namba ya mlipakodi kitakuta dirisha limefungwa kabla hakijafungua faili ya kwanza.